Miaka Isiyopigiwa Makofi

Watanzania wengi wanamkumbuka John Stephen Akhwari kwa bandeji ya gotini. Jioni ya tarehe 20 Oktoba 1968, jijini Mexico City, aliingia uwanjani akichechemea, giza likiwa limeshatanda na watazamaji wengi wameshaondoka, zaidi ya saa moja tangu Mamo Wolde wa Ethiopia ashinde marathoni ya Olimpiki. Njiani alikuwa ameanguka, goti likateguka, bega likaumia. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, na yeye ndiye wa 57, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile aende kuanza mbio, ilimtuma akazimalize.

Naiheshimu picha ile, na kila ninapoiona koo hunikaba. Lakini nadhani tumeisoma hadithi yake kuanzia ukurasa wa mwisho. Tumejifunza kwamba uvumilivu wa mkimbiaji ni kile kinachoonekana usoni mwake anapoumia. Mtu huyohuyo wa Mbulu, mwezi Julai 1970, alikimbia marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh akamaliza wa tano, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Hiyo ni kila kilomita kwa dakika 3 na sekunde 12 hivi, kilomita 42 mfululizo. Sijaona picha ya mbio hizo kwenye ukuta wa shule hata moja. Akhwari hakuwa mtu wa kawaida aliyejikaza usiku mmoja. Alikuwa miongoni mwa wakimbiaji bora wa Afrika wa wakati wake, na kilichomfikisha uwanjani kwa goti bovu ni miaka ya mazoezi ambayo hakuna aliyeipigia makofi. Miaka ya namna hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumzia, kwa sababu ndiyo tunayoiruka.

Hapa Moshi, kila Januari, barabara ya kupanda Mweka huanza kujaa watu alfajiri. Wanakuja watumishi wa benki, walimu, wauguzi, wanafunzi wa vyuo, kina mama wa vikundi vya jogingi, wote wakijiandaa kwa Kilimanjaro Marathon, mbio zinazofanyika tangu 2003, mwishoni mwa Februari au siku za mwanzo za Machi. Nawafurahia sana. Watu wazima wanaoamka saa kumi na moja kwa hiari yao kukimbia wanaitendea miili yao na nchi yao jambo jema. Ila nasikia wanachoambiana wakipanda: Kaza! Kaza buti! Anayeachwa anaona aibu, anaongeza mwendo, anafika juu akitapika, na wenzake wanampongeza. Wiki ya nne au ya tano wanaanza kupungua.

Mmoja wao, kijana mwalimu wa sekondari, nilimkuta ameketi kando ya barabara ameshika kisigino.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Imekuwaje?"

"Pumzi ninayo, mzee. Mguu ndio umegoma."

Alikuwa ameeleza, bila kujua, kanuni kuu ya mchezo huu. Mwili haukomai wote kwa kasi moja. Damu huitikia kwanza: ndani ya siku chache za mazoezi maji yake huongezeka, na moyo unapata kitu cha kusukuma. Wiki zinazofuata moyo wenyewe hujifunza kutoa damu nyingi zaidi kwa pigo moja, hadi mtu ambaye moyo wake ulikuwa ukipiga mara 70 kwa dakika akiwa amekaa anajikuta kwenye 60, na wakimbiaji waliobobea hushuka chini ya 50. Misuli nayo inafuata. Haya yote mtu anayasikia. Kilima kilichomtoa jasho mwezi uliopita sasa anakipanda akipiga soga, naye anaamini amekamilika.

Kumbe kano hazijafika popote. Kano ya kisigino hupata damu kidogo sana ukilinganisha na msuli, kwa hiyo ujenzi wake unakwenda kwa miezi, si kwa wiki. Mfupa una tabia ya ajabu zaidi. Ukiupa mzigo mpya, hauanzi kwa kuongeza. Unaanza kwa kubomoa. Seli zake hula kwanza mfupa wa zamani kwa wiki kadhaa, kisha seli nyingine huja kujaza mfupa mpya taratibu, na kazi hiyo ya kujaza huchukua miezi. Katikati ya hapo kuna kipindi ambacho muundi ni dhaifu kuliko siku mtu alipoanza mazoezi. Kipindi hicho hakina dalili. Mtu anajisikia mwepesi, mapafu yanamwambia aende, saa ya mkononi inampongeza, na ndani ya mguu mafundi wametoa matofali ya zamani ila hawajaweka mapya. Anayeanza kukimbia yuko hatarini zaidi pale anapojisikia vizuri. Ningetamani kila kikundi cha jogingi kiwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kusema sentensi hiyo tu, kila Jumamosi, kabla watu hawajaondoka.

Kwa sababu hiyo naona kwamba uvumilivu unaohitajika katika mbio ndefu, kwa sehemu kubwa, ni uvumilivu wa kujizuia. Kujikaza ni rahisi kuliko tunavyosema. Hasira inatosha, au wivu, au kamera ya simu. Kwenda polepole huku mwenzako anakupita ndiyo kazi ngumu.

Nenda Iten, mji ulio kwenye ukingo wa Bonde la Ufa nchini Kenya, takribani meta 2,400 juu ya usawa wa bahari, uangalie jinsi siku ya kawaida inavyoanza. Watu wanaoweza kukimbia kilomita kwa dakika tatu katika mashindano huondoka asubuhi kwa mwendo ambao mwalimu yule wa Mweka angeuonea aibu, kilomita ya kwanza kwa dakika sita au zaidi, wakizungumza, wengine mikono ndani ya jaketi kwa baridi. Mwendo hupanda wenyewe kadiri mwili unavyopata joto. Zipo siku za moto: Alhamisi ya mbio za kubadili mwendo, ambapo mamia hukusanyika kwenye barabara ya udongo mwekundu, na Jumanne ya kiwanjani. Ila ukihesabu saa zote za wiki, nyingi ni za mwendo wa maongezi.

Mwendo huo hauchaguliwi kwa uvivu. Ndani ya msuli kuna vijinu vidogo vinavyoitwa mitokondria, ambavyo huchoma chakula kwa oksijeni na kutoa nguvu. Mazoezi marefu ya taratibu huviongeza idadi na ukubwa, na kuzunguka kila uzi wa msuli huotesha mishipa midogo ya damu ya kuvilisha. Kazi hiyo inataka muda mrefu chini ya mzigo wa wastani. Ukienda kwa kasi kubwa kila siku, unachoka kabla hujakusanya saa za kutosha, na kesho yake huwezi kurudia. Mkufunzi Arthur Lydiard wa New Zealand alilijua hilo kabla maabara hazijalieleza vizuri. Aliwakimbiza wanafunzi wake kilomita 160 kwa wiki kwa miezi kadhaa kabla ya kuwagusisha kasi, hata wale wa mbio za meta 800, na wengi walimwona mtu wa ajabu. Mwaka 1960, kwenye Olimpiki ya Roma, Peter Snell alishinda meta 800 na Murray Halberg meta 5,000 siku moja, na wote walikuwa wanafunzi wake.

Wapo watakaosema siri ni mwinuko. Hewa ya juu ina oksijeni kidogo, figo hutoa homoni inayouambia uboho utengeneze seli nyekundu zaidi, damu inabeba hewa nyingi zaidi. Ni kweli. Lakini kama mwinuko ungetosha, La Paz ingejaa mabingwa wa marathoni. Na sisi tungekuwa nao kila mwaka: tuna Mbulu, tuna Hanang, tuna Njombe na Makete. Hewa ya milimani Mungu ametupa bure. Kinachokosekana mahali pengi ni watu mia moja wanaotoka pamoja saa kumi na mbili asubuhi, mkufunzi anayewajua kwa majina, na miaka kumi ya kutobadilisha mpango.

Miaka kumi ni kidogo, kwa kweli. Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa meta 5,000 jijini Paris mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 18. Marathoni yake ya kwanza ilikuwa Hamburg mwaka 2013. Saa 2, dakika 1 na sekunde 9, iliyokuwa rekodi ya dunia wakati huo, aliiweka Berlin mwaka 2022. Kati ya Paris na Berlin ni miaka 19, na mkufunzi ni yuleyule, Patrick Sang, mshindi wa medali ya fedha ya meta 3,000 kuruka viunzi na maji ya Barcelona 1992. Kambi yao ya Kaptagat haina fahari. Mabingwa wanateka maji, wanasafisha vyoo kwa zamu, wanakula ugali na mboga, wanakunywa chai ya maziwa, wanalala mchana, wanalala usiku. Kipchoge ameeleza mara nyingi kwamba mazoezini hatumii nguvu zake zote. Anaziacha kwa ajili ya siku ya mashindano. Alipokimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 jijini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, katika jaribio maalumu lisilohesabiwa kuwa rekodi rasmi ya dunia ya marathoni, dunia iliona tabasamu lake na magari na taa za kumwongoza. Usingizi wa mchana wa Kaptagat haukuonekana, na kwangu mimi ndio ulioshinda, maana mwili haujengwi wakati wa kukimbia. Kukimbia kunauchubua tu. Unajengwa ukilala na ukila.

Kuhusu kula nina neno zito, na nalielekeza hasa kwa mabinti na wakufunzi wao. Mwili wa mkimbiaji una akiba ya wanga ya takribani gramu 500 kwenye misuli na ini, kama kalori 2,000 hivi. Mtu wa kilo 65 hutumia karibu kalori 65 kwa kila kilomita. Piga hesabu utaona kwa nini wengi miguu inawakataa baada ya kilomita 30: akiba imekwisha, na mwili unalazimika kutegemea mafuta, yanayotoa nguvu polepole. Mazoezi marefu ya taratibu hufundisha misuli kutumia mafuta mapema na kuibania akiba hiyo, lakini hayaondoi hitaji la chakula. Binti anayekimbia kilomita 100 kwa wiki na kula kama anayekaa dukani ataona hedhi inakatika. Zipo kambi ambako jambo hilo huchukuliwa kama dalili kwamba mazoezi yamekolea. Ni dalili kwamba mwili umeanza kufunga milango, na mfupa ndio utakaolipa. Mkufunzi asiyeweza kuzungumza na binti kuhusu chakula na hedhi bila kuona haya hajawa tayari kumfundisha mbio ndefu.

Wanaojaribu triathloni, mchezo wa kuogelea, baiskeli na mbio, wanaonja somo la subira mara tatu. Mashindano makubwa ya mchezo huo, Ironman, yalianza Hawaii tarehe 18 Februari 1978: wanaume 15 waliingia majini, 12 wakamaliza. Umbali umebaki uleule, kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, kisha marathoni nzima. Moyo ni mmoja na hufaidika na vyote vitatu, lakini kila msuli una shule yake. Mkimbiaji hodari akitupwa Bahari ya Hindi bila kufundishwa kuogelea atahema ndani ya meta 50, pumzi yote aliyoijenga milimani isimsaidie kitu. Faida moja naiona kwa yeyote, hata asiye na ndoto ya Hawaii: siku kano inapouma, baiskeli huendelea kuutunza moyo bila kuupiga mguu chini. Kijana wa Mweka nilimshauri hivyo, na baiskeli yake ya kwendea kazini ilitosha.

Kujizuia kuna upande mwingine ambao picha ya Mexico City imetufanya tuuone kama woga. Tarehe 10 Agosti 2024, kwenye marathoni ya Olimpiki ya Paris, Kipchoge, bingwa wa Rio na wa Tokyo, alisimama baada ya kilomita 30, mgongo ukiwa umemwuma, akatembea, akawagawia watazamaji vifaa vyake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutomaliza marathoni. Nilisikia watu wakimlinganisha na Akhwari, kwa hasara yake. Sikubaliani nao. Akhwari alijua goti lake lilikuwa linamgharimu nini akaamua kulipa. Kipchoge, akiwa na miaka 39, alijua mgongo wake akaamua kutolipa. Wote wawili walikuwa na haki ya uamuzi huo kwa sababu walikuwa wameusikiliza mwili kwa miaka mingi. Mtu aliyefanya mazoezi wiki sita hana haki hiyo bado, maana hajui kutofautisha maumivu ya kuchoka na maumivu ya kuvunjika.

Sisi wenyewe tumekuwa na walimu wa subira. Juma Ikangaa, mwanajeshi wetu, alimaliza wa pili kwenye marathoni ya Boston mwaka 1988, nyuma ya Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja. Akarudi 1989, akawa wa pili. Akarudi 1990, wa pili tena. Lakini Novemba 1989, kati ya Boston mbili alizomaliza wa pili, alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, rekodi ya njia ile wakati huo. Yeye ndiye mwenye kauli inayozunguka vilabuni duniani kote, kwamba nia ya kushinda si kitu pasipo nia ya kujiandaa. Wengi wanaoirudia hawajui kwamba mwenye kauli hiyo ni Mtanzania.

Na yupo Alphonce Simbu. Kwenye marathoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016 alikuwa wa tano. London mwaka 2017 alipata shaba ya mashindano ya dunia, nasi tukashangilia. Halafu ikaja miaka ambayo magazeti hayakuwa na mengi ya kusema juu yake. Mashindano makubwa yalikuja na kupita, vijana wapya wakaja na kasi mpya, rekodi ya dunia ikashushwa mara kadhaa, na yeye akaendelea kuamka na kukimbia Arusha. Aprili 2025 akawa wa pili Boston. Tarehe 15 Septemba 2025, kwenye mashindano ya dunia jijini Tokyo, katika joto na unyevu uliowaondoa wengi barabarani, alibaki na kundi la mbele, akasubiri, akaingia uwanjani akiwa nyuma ya Amanal Petros wa Ujerumani. Mstarini wote wawili walipewa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Picha ndiyo iliyoamua: Simbu mbele, kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Ni dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo.

Tuliirudia sana ile video ya meta za mwisho, mimi pia. Kasi ile ya mwisho, ambayo Petros hakuwa nayo tena, iliwekwa akiba kwa miaka minane kati ya shaba na dhahabu, kwa maelfu ya kilomita za mwendo wa maongezi, kwa chakula na usingizi, na kwa kutoharibu mguu siku ambazo ingekuwa rahisi kuuharibu. Tukitaka Simbu mwingine, na akina Magdalena Shauri wengine, aliyekuwa wa tatu Berlin mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41, tuwape mabinti na vijana wa Mbulu na Singida wakufunzi, chakula cha kambini na muda, kisha tusiwaulize medali iko wapi kabla ya mwaka wa nane.

Na ninyi mnaopanda Mweka, ombi langu ni dogo. Mbio ni Februari, anzeni Agosti. Miezi mitatu ya kwanza kimbieni kwa mwendo wa kuweza kusimuliana habari za nyumbani bila kukatisha sentensi, na mwenzenu akiachwa nyuma, mrudieni, msimpigie kelele za kaza.